Kutoka 4K hadi 4A: Kinachobadilika Ukiweka Injini Kubwa Kwenye Toyota DX

Toyota Corolla ya kizazi cha E70, ambayo nchini Kenya inajulikana zaidi kwa jina la DX, ilianza kuuzwa mwaka 1979. Ni gari jepesi, lisilofika kilo 1,000, linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, na nyingi kati ya zile zilizotufikia ni za mfano wa KE70, zenye injini ya familia ya K. Injini ya 4K ina silinda nne, ujazo wa sisi (cc) 1,290, kabureta moja na vali nane zinazosukumwa kwa fito kutoka kwenye kemshafti (mhimili unaofungua vali) iliyo ubavuni mwa bloku. Ikiwa nzima hutoa nguvu za farasi takriban 60. Ni injini ya heshima, inayovumilia mafuta mabaya na fundi mwenye spana chache, lakini anayepanda nayo kutoka Mai Mahiu akiwa na abiria wanne anajua mipaka yake, na hapo ndipo linapozuka swali la kuitoa na kuweka kubwa zaidi.

Inawezekana, na imefanyika mara nyingi katika nchi nyingi. Linalowachanganya wengi ni dhana kwamba kazi yenyewe ni kuinua injini moja na kushusha nyingine. Ukweli ni kwamba radieta, gia boksi, propela shafti, difu (gia za ekseli ya nyuma), breki, mabomba ya mafuta na waya za gari lile vilipimwa vyote kulingana na injini iliyotoka, na mara injini mpya inapokaa mahali pake, kila kimoja kati ya hivyo kinaanza kudai hesabu yake. Injini kwa kawaida ndiyo sehemu nyepesi ya mradi huu, kwa kazi na mara nyingi hata kwa fedha.

Kabla ya yote, ni haki kuuliza kama 4K yako ni ndogo kweli au imechoka tu. Nairobi na Mbeya ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa au Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo (turbo) huvuta hewa kwa mgandamizo huo huo inaoukuta, hivyo nguvu za farasi 60 za pwani huwa takriban 50 za nyanda za juu, kabla hata ya kuhesabu umri. Juu ya hilo, kabureta haijui kwamba hewa imepungua: humwaga petroli karibu kama ilivyozoea pwani, mchanganyiko unazidi petroli, plagi zinakuwa nyeusi na gari linakuwa zito zaidi. Jeti ndogo kidogo, taimingi iliyowekwa sawa na vali zilizopimwa nafasi zake hurudisha sehemu ya nguvu hiyo kwa gharama ndogo sana. Kipimo cha kompresheni ndicho kitakachoamua: ikiwa silinda moja imeachwa nyuma na nyingine kwa zaidi ya kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, injini hiyo inahitaji kufunguliwa, na hutaweza kujua uwezo wake halisi mpaka iwe nzima.

Tuseme sasa injini ni nzima, imetengenezwa vizuri, na bado mwenye gari anataka zaidi. Neno zaidi linahitaji kupimwa. Ujazo wa injini hupatikana kwa kuzidisha eneo la uso wa pistoni kwa urefu wa safari yake, kisha kwa idadi ya silinda. Katika 4K, kipenyo cha silinda ni milimita 75 na safari ya pistoni ni milimita 73. Dada yake 5K ana safari ile ile ya milimita 73, lakini kipenyo chake ni milimita 80.5, na tofauti hiyo ndogo inaupeleka ujazo kwenye sisi 1,486, ambalo ni ongezeko la takriban asilimia 15. Jambo la kufurahisha ni kwamba 5K ni ya familia moja na 4K: inakubali gia boksi ile ile, kabureta ile ile, waya zile zile, na inaingia mahali pale pale. Ilifungwa kwenye magari madogo ya mizigo na abiria ya LiteAce na TownAce, na pia kwenye forklifti za Toyota, kwa hiyo si kitu cha ajabu sokoni. Ukiipata kutoka kwenye van, hifadhi sampu (bakuli la oili), mauntini (vishikilio vya injini) na manifoldi za 4K yako, kwa sababu huenda ukalazimika kuzihamisha ili injini ikae sawa ndani ya Corolla.

Ninaieleza 5K kwanza kwa makusudi. Watu wengi wanaoota injini kubwa hawahitaji gari la mashindano, bali wanataka kupanda mlima bila kushuka hadi gia ya pili, na kupita lori bila kuomba dua. Kwa mtu huyo, 5K iliyofanyiwa ukarabati mzuri, ikiwa na radieta safi na kabureta iliyorekebishwa kwa mwinuko anaoishi, ni jibu kamili linalomalizika kwa siku chache, na linaloacha gari likiwa gari lile lile ambalo fundi yeyote wa mtaani analielewa. Inasikitisha kwamba hutajwa mara chache, labda kwa sababu haina jina la kutamba nalo.

Hatua inayofuata ni familia ya A, na hapa mambo yanabadilika kabisa. 4A ina kipenyo cha milimita 81 na safari ya milimita 77, sawa na sisi 1,587. 5A, iliyojaa kwenye Corolla na Carina za miaka ya tisini, ni sisi 1,498. 7A ya Carina ina kipenyo kama cha 4A lakini safari ndefu ya milimita 85.5, na ujazo wake ni sisi 1,762. Kwa macho ya namba tupu, 4A inaizidi 4K kwa asilimia 23 tu, ilhali nguvu yake ni karibu mara mbili: 4A-FE ya kawaida hutoa nguvu za farasi takriban 100 hadi 115 kutegemea toleo, na 4A-GE yenye vali kumi na sita, iliyotoka mwaka 1983 ndani ya Corolla ya AE86, ilitangazwa Japani kuwa na 130. Tofauti hiyo haikutokana na ujazo pekee. Kichwa cha 4A-FE na cha 4A-GE kina vali nne kwa kila silinda badala ya mbili, hewa inaingilia upande mmoja na moshi unatokea upande wa pili, wakati kwenye 4K vyote viko upande mmoja vikibanana. Na petroli hupuliziwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta, ambayo pia inasoma mgandamizo au kiasi cha hewa na hivyo kujirekebisha yenyewe kati ya pwani na bara. Kwa hiyo anayetazama ujazo pekee atakosa kuelewa kwa nini injini inayozidi kidogo tu kwa sisi inaweza kulibadilisha gari kiasi hicho, na kwa nini breki zake zinaweza kushindwa.

Swali la kama 4A inaingia kwenye bodi la E70 lilijibiwa na kiwanda chenyewe. Toyota iliuza Marekani Corolla ya bodi hili hili ikiwa na injini ya 4A-C ya kabureta, chini ya jina la AE71, na AE86 iliyofuata ilirithi mengi kutoka kwenye kizazi hicho. Maana yake ni kwamba katika historia ya Toyota zipo sampu, mauntini, belihauzi (nyumba ya klachi kati ya injini na gia boksi) na gia boksi zilizotengenezwa kuiweka injini ya A kwa urefu, uso wake ukielekea mbele ya gari. Tatizo la Afrika Mashariki ni kwamba injini tunazozipata, iwe Gerezani mjini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi, au kwenye makontena yanayopitia Sharjah, karibu zote zimetoka kwenye magari yanayoendeshwa kwa magurudumu ya mbele, ambamo injini hulala kwa upana.

Ukiizungusha injini ya namna hiyo nyuzi tisini, matatizo yanajitokeza moja baada ya jingine. Distribyuta ya 4A-FE imekaa kwenye ncha ya kichwa, upande wa gia boksi, na injini ikikaa kwa urefu ncha hiyo inakabiliana na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Njia ya kutolea maji ya moto nayo iko upande huo huo, mahali ambapo mkono haufiki. Sampu ilitengenezwa kwa ajili ya mkao mwingine, hivyo inaweza kugonga mhimili wa mbele unaobeba injini. Mauntini za pembeni hazilingani na vishikilio vya chasisi. Mafundi wengine hukimbilia kukata ukuta, na mimi naona hilo ni kosa: ukuta ule ni sehemu ya nguvu ya bodi na ni ngao ya abiria dhidi ya joto na moto, na bodi la gari la miaka arobaini tayari limeshapambana na kutu vya kutosha. Ni bora kuondoa distribyuta na kutumia koili zinazowashwa kwa sensa ya krenki, kuhamishia bomba la maji upande wa mbele, na kutengeneza mauntini kwa bamba nene la chuma lililochomelewa na fundi anayejua kwamba mauntini hubeba uzito na pia hupokea msokoto wote (nguvu ya kuzungusha) wa injini. Anayeweza kupata sampu na belihauzi za injini ya A iliyokaa kwa urefu, hata kwa kusubiri miezi, ataokoa kazi nyingi sana.

Nyuma ya injini kuna gia boksi. Ile ya K haifungiki kwenye bloku ya A bila kipande cha kati, na hata ikifungwa, ilitengenezwa kwa ajili ya msokoto wa 4K, ambao hata kufika 100 Nm ni shida, ilhali 4A hufikia takriban 140 na 7A huzidi 150. Gia ya kwanza huzidisha msokoto huo mara kadhaa kabla haujafika kwenye propela shafti, kwa hiyo meno ya gia ndiyo yanayolipa. Gia boksi inayofaa ni T50, yenye gia tano, iliyotumika kwenye AE86. Ukiipata, kagua ncha ya nyuma ya krenki: gia boksi ya gari la magurudumu ya nyuma huhitaji beringi ndogo katikati ya krenki ili kushika ncha ya shafti yake, na injini iliyotoka kwenye gari la magurudumu ya mbele mara nyingi haina beringi hiyo. Ikiwa injini ilitoka kwenye gari la otomatiki, kama zilivyo nyingi zinazoingia sasa, utahitaji pia flaiwili, pleti na pulesha ya klachi, kwa sababu otomatiki haina hata kimoja kati ya hivyo. Propela shafti itabidi ikatwe au irefushwe, kisha isawazishwe kwenye mashine. Ikiachwa bila kusawazishwa, hutetemeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na mtetemo huo huua krosi, kisha beringi ya mwisho ya gia boksi, kisha sili, mpaka oili inavuja.

Difu ya KE70 ni ndogo, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini dhaifu. Difu ya AE86 ni nene zaidi na inafaa, lakini kwa dereva mtulivu asiyeachia klachi kwa ghafla, difu ya mwanzo inaweza kuishi muda mrefu.

Petroli na umeme ndivyo vinavyotisha zaidi, na kwa haki. Pampu ya kabureta husukuma petroli kwa mgandamizo wa chini sana, kama robo ya bari. Nozeli za 4A zinataka kati ya bari mbili na nusu na tatu, muda wote, na petroli isiyotumika hurudi kwenye tangi kwa bomba la pili. Hose za mpira za zamani, zilizofungwa kwa klipu za waya, zitapasuka kwa mgandamizo huo, na petroli itatapakaa juu ya ekzosi yenye moto. Hakuna sehemu ya kazi hii inayostahili kuogopwa kuliko hiyo. Hose lazima ziwe zile zilizotengenezwa kwa mgandamizo mkubwa, klipu ziwe za duara zima, na pampu iunganishwe ili izime yenyewe injini inapozimika, jambo ambalo kompyuta ya Toyota hulifanya ikiwa hujaikatia waya zake. Tangi la KE70 nalo halina vizuizi vya ndani vya kuzuia petroli kukimbilia upande mmoja; kwenye kona ndefu pampu huvuta hewa na injini hukatika, na tiba yake ni kitangi kidogo cha akiba kati ya tangi kubwa na pampu.

Kuhusu waya, nina ushauri mmoja ninaousisitiza: nunua injini pamoja na wayaringi yake nzima, kompyuta yake, sensa zake, kipima hewa chake na hata soketi ya uchunguzi, vyote kutoka kwenye gari moja, ikiwezekana nusu ya mbele iliyokatwa, ambamo unaweza kuisikia ikiunguruma kabla ya kulipa. Kompyuta ya 5A haijui nozeli za 7A, na kompyuta ya otomatiki itasubiri taarifa kutoka kwenye gia boksi ambayo haipo. Wayaringi iliyokatwa kwa msumeno bandarini ili kontena lijae inaweza kugharimu siku nyingi za fundi wa umeme kuliko injini yenyewe ilivyogharimu. Soketi ya uchunguzi ina faida kubwa: katika Toyota za enzi hiyo, ukiunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kuwasha swichi, taa ya injini huwaka na kuzimika kwa hesabu, na hesabu hiyo ndiyo namba ya kosa. Fundi mwenye kijitabu cha namba hizo anafanya uchunguzi bila mashine yoyote.

Joto linahitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu husemwa vibaya mara kwa mara. Karibu theluthi moja ya nishati ya petroli hugeuka kuwa mwendo. Iliyobaki huwa joto, na sehemu kubwa ya joto hilo huenda kwenye maji ya injini. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare, gari linahitaji nguvu ile ile iwe lina 4K au 4A, kwa hiyo radieta ya zamani itaonekana kutosha na mwenye gari atatulia. Shida hutokea mlimani, pale 4A inapoombwa kutoa nguvu ambazo 4K haikuwa nazo kabisa: joto linaongezeka kwa kiwango hicho hicho, wakati kasi ya gari ni ndogo na hewa inayopita ni kidogo. Jaribio la mjini halisemi kitu. Radieta yenye safu mbili au zaidi za mirija, kifuniko chenye mgandamizo sahihi, thamostati iliyoachwa mahali pake badala ya kutolewa, na feni ya umeme yenye kava la kuelekeza hewa linalofunika radieta yote, ndiyo maandalizi yanayostahili.

Kisha breki. Nishati ya gari linalokimbia hukua kwa mraba wa kasi yake: gari la kilomita 100 kwa saa lina nishati zaidi kwa asilimia 56 kuliko likiwa kwenye 80, na breki zinapaswa kuigeuza yote kuwa joto. KE70 ina diski ndogo mbele na ngoma nyuma, zilizokadiriwa kwa gari ambalo lilichukua muda mrefu kufika 100. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, mkoani Iringa, dereva aliyepanda kwa kasi na kushuka kwa ujasiri ule ule ataona pedali ikianza kuzama. Diski nene zenye nafasi ya hewa katikati, kalipa kubwa zaidi, mafuta mapya ya breki na hose mpya ni kazi inayopaswa kumalizika kabla injini haijainuliwa, kwa sababu baada ya injini kuwaka kwa mara ya kwanza hakuna mwenye gari atakayekubali kusubiri wiki nyingine mbili. Matairi, shokabsoba na bushi za mbele ziende pamoja na breki. Stiringi ya KE70 ni ya boksi, tofauti na ya AE86 yenye reki, na boksi lililolegea ambalo lilivumilika kwa mwendo wa 4K huwa hatari kwa mwendo mwingine.

Yapo pia makaratasi. Logibuku ya Kenya na kadi ya gari ya Tanzania zina namba ya injini na ujazo wake, na injini ikibadilika taarifa hizo si za kweli tena. Nchini Kenya mabadiliko hupelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, na Tanzania kumbukumbu za usajili ziko TRA, mamlaka ya mapato. Katika nchi zote mbili utahitaji kuthibitisha kwamba injini uliyonunua ni mali yako, hivyo risiti ya muuzaji na nyaraka za kuingizwa nchini zitunzwe tangu siku ya kwanza. Bima nayo imejengwa juu ya taarifa za kweli: gari lililosajiliwa kwa sisi 1,290 likipata ajali likiwa na 1,587 bila kampuni kuarifiwa, linaipa kampuni hiyo ya bima sababu ya kukataa kulipa, na anayeumia anaweza kuwa mtu wa tatu asiyejua lolote kuhusu 4A. Namba ya injini hugongwa kwenye bloku, na mara nyingi ikishakaa ndani ya gari hufichwa na manifoldi au mabomba, kwa hiyo isuguliwe kwa brashi ya waya na kupigwa picha ikiwa bado sakafuni, halafu ilinganishwe herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye risiti kabla fedha ya mwisho haijalipwa.